Viza Yako Ni Rahisi, Ya Gari Ndiyo Kazi: Kwenda Afrika Kusini kwa Barabara

Kila nikisema nimeendesha gari kutoka Dar hadi Cape Town, swali la kwanza ni lile lile: viza nilipata wapi? Mtanzania haombi viza ya Zambia, Malawi, Zimbabwe, Botswana, Namibia wala Afrika Kusini akienda kutembea kwa muda mfupi. Unafika mpakani, pasi inagongwa muhuri, unaandikiwa siku zako, unasonga mbele. Kinachokula muda na pesa ni gari. Forodha hawalioni kama chombo chako cha kusafiria, wanaliona kama mali inayoweza kuuzwa nchini mwao bila kulipiwa ushuru. Ukilishika hilo, maswali yao yote yanaeleweka.

Kwa hiyo gari linaingia kwa kibali cha muda, ambacho kila mpaka wa huku kwetu unakiita TIP. Kwenye kibali hicho kuna jina lako, namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo haina uhusiano na ile iliyogongwa kwenye pasi. Unaweza kupewa wewe siku 90 na gari lako likapewa 30, na hakuna atakayekuambia mpaka uulize. Mimi nikishapewa karatasi huwa sibanduki dirishani kabla ya kusoma tarehe hizo mbili kwa sauti, na yule afisa akisikia. Kama ya gari haitoshi safari, omba iongezwe pale pale, au angalau uulizie ofisi gani mbele ya safari inaongeza siku. Ukikamatwa na kibali kilichoisha, gari linaweza kuzuiwa na ukatozwa faini, hata kama pasi yako bado iko hai.

Maandalizi yanaanza nyumbani, na yanaanza na kadi ya gari. Kama gari bado lina mkopo, kadi halisi iko benki, na nakala peke yake haikufikishi mbali. Omba benki ikuandikie barua inayokuruhusu kulitoa gari nje ya nchi, yenye tarehe na nchi zote unazopita. Kama gari ni la mke, la kaka au la kampuni, beba barua ya ruhusa iliyothibitishwa na wakili. Niliwahi kusimama nyuma ya kijana mmoja pale Tunduma, mpakani na Zambia, aliyekuwa na gari la baba yake. Afisa akamwambia kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, mimi nakuamini, lakini mfumo hauna mahali pa kuandika kwamba nimekuamini." Aliishia kumpigia mzee simu na kusubiri barua hadi kesho yake.

Halafu injini. Magari yetu mengi yamebadilishwa injini, fundi akafunga nyingine kutoka Japani na kadi ikabaki na namba ya zamani. Ndani ya nchi unaweza kukaa miaka bila mtu kuuliza. Mpakani wanafungua boneti. Nenda TRA ukarekebishe kadi kabla ya safari. Na chesisi uijue iko wapi kwenye gari lako. Kwenye Land Cruiser na Prado imegongwa kwenye fremu upande wa tairi la mbele kulia, na kwa kawaida imefunikwa na tope na kutu. Nilimwona afisa mmoja amepiga goti, tochi mdomoni, anakwangua kwa ufunguo herufi moja baada ya nyingine huku foleni ikirefuka nyuma yetu. Tangu hapo, kabla ya kuondoka nasugua sehemu hiyo kwa brashi ya waya, naipaka grisi kidogo, na naipiga picha iliyo wazi ambayo inakaa kwenye simu.

Kuna jambo jingine la chesisi ambalo watu wa magari ya Japani wanapaswa kulijua. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana namba fupi yenye kistari katikati. Ukikuta fomu au mfumo unaodai herufi 17, usikubali namba ijaziwe sifuri au herufi za kubuni ili nafasi ijae. Namba ikishaandikwa tofauti na kadi, itakusumbua siku ya kutoka, mbele ya afisa mwingine asiyejua mlikubaliana nini. Afisa anayejaza mwonyeshe kadi na picha, mwombe aandike ilivyo.

Bima: kabla hujaondoka nenda kwa kampuni iliyokukatia bima, uombe kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya kibiashara ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye mpango huu, kwa hiyo kadi yetu inakubalika Zambia, Malawi na Zimbabwe, na upande wa juu Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Ethiopia. Inagharamia madhara kwa watu wengine tu, haitengenezi gari lako. Hakikisha nchi zote unazopita zimewekwa alama kwenye kadi na kwamba muda wake unafika siku ya kurudi. Ukishavuka kuingia Botswana, kadi ya njano haifanyi kazi tena. Pale unalipia bima yao ya mtu wa tatu pamoja na ada za barabara, na unapewa stakabadhi ambazo askari wa barabarani atakuja kuziomba. Afrika Kusini fidia ya majeruhi inatoka kwenye mfuko unaochangiwa kupitia bei ya mafuta, lakini mfuko huo haulipi bati la mtu uliyemgonga. Tafuta bima ya ziada.

Sasa Tunduma. Usiogope foleni ya malori inayoanza mbali kabla ya mji. Ni mizigo ya Zambia na Kongo, magari madogo hupita pembeni. Tangu 2019 mpaka huu unafanya kazi kama kituo kimoja cha pamoja: ukienda Zambia unavuka hadi jengo la Nakonde, na humo unawakuta maafisa wa Tanzania na wa Zambia chini ya paa moja. Ni nafuu kubwa, lakini ina mtego wake. Kwa kuwa madirisha yamepangana, mtu anagonga pasi upande wa Tanzania, anagonga upande wa Zambia, analipa ada, anaondoka, na dirisha la forodha la Tanzania hajaligusa. Gari limeshatoka, lakini kwenye kumbukumbu bado liko nyumbani. Siku ya kurudi anaulizwa hili gari lilitokaje. Ningekuomba uandike kwenye karatasi ndogo madirisha manne: uhamiaji wa unakotoka, forodha ya unakotoka, uhamiaji wa unakoingia, forodha ya unakoingia. Yaliyobaki ni malipo.

Na malipo ya Nakonde ni kadhaa. Kuna kodi ya hewa ya ukaa inayopimwa kwa ukubwa wa injini, ada ya barabara kwa magari ya kigeni, na ada ya halmashauri. Kila moja ina stakabadhi yake, zote ziweke kwenye faili moja la plastiki. Wakala wa forodha mwenye leseni anaweza kukusaidia kuingiza taarifa za gari kwenye mfumo, na kama ni mara yako ya kwanza sioni ubaya kumlipa. Vishoka ndio wa kuwakwepa. Anakuja amevaa kitambulisho shingoni, anakuita "bosi", anashika pasi yako kabla hujazima gari. Pasi na kadi ya gari haviondoki mkononi mwako mpaka vinaingia kwenye tundu la dirisha. Ukibadilisha pesa barabarani, kumbuka kwamba Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013. Noti za zamani zenye maelfu hazina thamani, na bado kuna wanaojaribu kuwapa wageni.

Askari wa Zambia na Zimbabwe wanatazama vitu vidogo. Pembetatu mbili, kizimamoto, na stika za kuakisi, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Weka pia alama ya nchi nyuma ya gari. Yetu ni EAT, wenzetu wa Kenya EAK, Uganda EAU. Ukisimamishwa, salimia kwanza kwa lugha ya pale. "Mwapoleni mukwai" kwa Wabemba, "dumela rra" au "dumela mma" ukifika Botswana. Sisi tunajua salamu ilivyo na uzito, na kule ni hivyo hivyo.

Kutoka Zambia kuingia Botswana napendelea Kazungula. Daraja lake la mita 923 lilifunguliwa Mei 2021, limepinda kukwepa ardhi ya Zimbabwe, na limeondoa adha ya kusubiri pantoni. Hapo nako ni kituo cha pamoja, kwa hiyo karatasi yako ya madirisha manne itoe tena. Lililo la lazima kuliko yote ni kuifunga TIP ya Zambia. Usiridhike na "sawa, nenda". Omba uone muhuri au chapisho linaloonyesha kwamba gari limetoka. Nimekutana na dereva aliyerudi Zambia mwaka uliofuata akakuta gari lake linahesabiwa kuwa halikuwahi kuondoka, na akadaiwa ushuru wake. Alikuwa na stakabadhi za mafuta za Botswana, ndizo zilizomwokoa, lakini baada ya siku kadhaa za kwenda na kurudi ofisini. Botswana pia usiingie na nyama mbichi. Kuna vizuizi vya mifugo njiani kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, wanafungua friji na wanachukua.

Botswana, Namibia, Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini ni umoja mmoja wa forodha, ulioanzishwa 1910. Hapo ndipo ninapopenda kusafiri na kaneti. Hiki ni kitabu kinachotolewa na vyama vya magari chini ya mkataba wa 1954, kinaishi mwaka mmoja, na kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja kinachanwa ukiingia, kimoja kinachanwa ukitoka, na kishina kinabaki kwako kikiwa na mihuri miwili. Ndani ya umoja huo kinagongwa kuingia kwenye nchi ya kwanza na kutoka kwenye nchi ya mwisho. Ili ukipate unaweka dhamana, na ndiyo maana ni ghali. Kwa safari inayoishia Zambia au Malawi sikushauri uhangaike nacho, TIP inatosha. Ukielekea Cape, au una ndoto ya Misri ambako kinadaiwa, weka pesa hiyo kwenye bajeti mapema. Njia ya kaskazini yenyewe nisingemshauri mtu kwa sasa, vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vimeikata.

Nirudi kwenye viza, maana si wasomaji wote wana pasi ya Tanzania. Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila viza tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Na sisi ni siku 90 kwa mwaka, si 90 kila ukivuka mpaka, kwa hiyo ujumlishe safari zako zote. Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo waombe viza hiyo kabla ya kuondoka nyumbani. Ndugu zetu wa ughaibuni wenye pasi za Uingereza, Marekani au Ujerumani wajue kwamba Namibia imewawekea viza tangu Aprili 2025. Kuzidisha siku Afrika Kusini kuna adhabu kali: chini ya siku 30 unafungiwa mwaka mmoja, zaidi ya hapo miaka mitano. Kama una mtoto, beba cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Botswana inadai cheti hicho tangu 2016. Nimeona mama na watoto wawili wamekaa kwenye benchi wakisubiri picha ya cheti kutoka kijijini. Wahudumu waliwahurumia, wakawapa maji, lakini hawakuwapitisha.

Neno kwa mwenye haraka. Ukiumwa, au ukipata msiba nyumbani, usipande ndege ukaliacha gari huko bila kupita forodha. TIP iko kwa jina lako, na umeahidi kutoka nalo. Nenda ofisi ya forodha ya mji uliopo, eleza, uonyeshe tiketi, ulize gari linaweza kuhifadhiwa wapi chini ya uangalizi wao na ni karatasi gani unahitaji. Inawezekana, lakini iombwe kabla, si baada.

Ukirudi Tunduma, toa ile karatasi ya forodha ya Tanzania uliyopewa siku ya kutoka, gari liandikwe kwamba limerudi. Wenye kaneti waikabidhi kwa chama kilichoitoa wapate dhamana yao. Kama kuna kishina kinachokosa muhuri wa kutoka, lipeleke gari likaguliwe na forodha hapa nyumbani, uandikiwe cheti kwamba limeonekana nchini. Stakabadhi nyingine zote zitunze hata mwaka, kwa sababu dai la ushuru halifiki wiki ile ile uliyorudi.