Pilau Yake Mmeikataa, Pesa Zake Je?

Shangazi, shikamoo. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Kwamba kwenye harusi wanawake wamesusa pilau kwa sababu aliyeipakua ni yule binti aliyerudi kutoka Dubai, "malaya wa Waarabu". Na wewe ulikuwa umeketi nao. Usiku kucha sikulala.

Mimi nilikaa naye chumba kimoja huku Deira, mtaa wa Dubai, watu wanane, vitanda vya juu na chini. Hakuja kuuza mwili. Unakumbuka alitoka shule kidato cha pili na mimba, baba mtoto akapotea, mtoto akabaki kwa nyanya yake. Ajenti akamtafutia kazi za ndani, dirham 900 kwa mwezi. Siku ya kwanza pasipoti ikachukuliwa. Miezi minne hakuona hata dirham moja, akatoroka usiku. Sasa huku viza yako iko mkononi mwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Ukimkimbia anakuripoti, na kazi nyingine ya halali huipati. Kila siku unayozidisha viza ikishaisha ni faini ya dirham 50. Mwaka mmoja ni 18,250! Na nyumbani simu haziishi: karo, dawa za mama, mabati. Mabati yale mliyaona yakipanda juu ya nyumba. Nani kati yenu aliuliza yametoka wapi?

Alikuwa anarudi alfajiri, anaoga mpaka wenzake wanagonga mlango. Kisha saa moja ya huku, saa kumi na mbili ya huko, anapiga simu kumwamsha mwanawe aende shule. Hakukosa siku. Kuna usiku mteja alimpiga akamvunja jino. Polisi hangeweza kwenda, maana angefungwa yeye. Alikaa hivyo hadi serikali ya huku ilipotoa msamaha wa viza Septemba 2024, faini zikafutwa, akarudi kwao. Amerudi kwenu, mkamsusia chakula.

Na nikuambie nililokuficha. Nilipoachishwa kazi, yeye ndiye aliyenilipia kitanda miezi miwili. Zile elfu tano nilizokutumia Ramadhani ile zilikuwa zake. Ulifuturu nazo, Shangazi.

Mdogo wangu anaulizia safari. Mwambie asije. Akishikilia, asije kwa viza ya matembezi, mkataba ausome kabla hajatia sahihi, na nakala ya pasipoti akuachie wewe. Lakini asije, nakusihi. Ingawa sijui nimwambie akae hapo afanye nini, na mimi mwenyewe nilikimbia hiyo hiyo hali.

Ijumaa nitatuma elfu kumi. Elfu nne ni za yule binti. Usimrushie kwa simu. Mpelekee mwenyewe, mchana, majirani wakiwa barazani. Akikuandalia chakula, keti ule.