Kabla ya Kujenga Mlima wa Theluji, Hesabu Wateja wa Jumanne

Ramadhani iliyopita mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia mchoro kwa simu. Jengo refu lenye paa la mshazari, ndani yake mlima mweupe, pembeni mgahawa na maegesho ya magari. Chini ya mchoro kaandika: "Shikamoo mjomba. Wenzangu watatu wana kiwanja njia ya Bagamoyo. Wewe ndiye fundi wa baridi, tuambie kama inawezekana."

Nilimjibu, "Marahaba mwanangu. Inawezekana."

Nimeishi Ghuba miaka kumi na mitatu nikitengeneza mitambo ya kupoza, na minne kati ya hiyo niliifanya zamu ya usiku ndani ya jumba la theluji. Kuishusha theluji Dar ni suala la fedha na mafundi, na vyote viwili vinapatikana. Swali linalonikosesha usingizi ni lingine: mtu akishaiona theluji mara moja, nini kitamrudisha? Tulizungumza siku tatu mfululizo baada ya futari. Maswali yake nimeshaulizwa na wengi, kwa hiyo nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Mvuto wenyewe upo, na asiyewahi kuuona asiubeze. Ski Dubai, jumba la theluji la Dubai, ilifunguliwa mwishoni mwa 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates. Ina miteremko mitano, ule mrefu kuliko yote ni mita 400, na ukumbi mzima una mita za mraba 22,500. Agosti nje ni nyuzi 45, ndani ni nyuzi moja au mbili chini ya sifuri. Siku ya kwanza niliyokwenda kama mteja nilianza kwa kusimama upande wa madukani, kwenye kioo kikubwa kinachotazama ndani. Kando yangu kulikuwa na familia nzima imetulia kimya, watoto wamebana pua kwenye kioo. Hawakuwa wamekata tiketi. Walikuwa wametoka kununua viatu, na baadaye niliwaona wameketi mgahawani wakiendelea kutazama. Picha hiyo iwekeni akilini, nitairudia.

Muscat nako kuna Snow Oman, ndani ya Mall of Oman. Ile ni bustani ya kuchezea theluji zaidi kuliko mahali pa kujifunzia skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu vinavyovaliwa miguuni. Nilikwenda na rafiki yangu wa kule, mmoja wa wale Waomani ambao Kiswahili chao cha Unguja ni kizuri kuliko changu cha Tanga. Alimchukua bibi yake. Bibi aliivua glavu, akaichota theluji kwa kiganja, akaitazama ikiyeyuka mkononi, akasema, "Kumbe ndiyo hii." Hakutaka kuteleza wala kupanda chochote. Alikaa dakika arobaini, akarudi nje ameridhika kabisa.

Nimewaona maelfu kama bibi yule. Dakika kumi za kwanza watu hushika theluji, huirusha, hupiga picha. Kisha vidole vya miguu vinaanza kuuma, mtoto analia anataka chai ya moto. Wengi wao hawavai skii kamwe. Kwa hiyo anayejenga mteremko mrefu akidhani anauza mchezo, ajue sehemu kubwa ya wageni wake wa nchi za joto wamekuja kununua ule ubaridi wa mara ya kwanza. Na mara ya kwanza kila mtu anayo moja tu.

Sasa niwapeleke kwenye zamu yangu, kwa sababu hapo ndipo fedha zinapokwenda.

Mteja wa mwisho akitoka, tunashusha joto la ukumbi hadi nyuzi sita hivi chini ya sifuri. Mizinga iliyofungwa darini inapuliza maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa. Matone yake ni madogo mno, yanaganda yangali hewani na kushuka taratibu usiku kucha. Mashine yenye minyororo kama ya buldoza inapanda na kushuka ikikwangua na kusawazisha. Theluji iliyochakaa tulikuwa tukiiondoa, tunaiyeyusha, na ubaridi wa maji yake unasaidia kupunguza mzigo wa mitambo ya jengo. Chini ya theluji kuna sakafu yenye mabomba ya glaikoli ya baridi, kimiminika kisichoganda kwa urahisi. Na chini ya mabomba hayo, watu hushangaa nikiwaambia, kuna mfumo mwingine wa kupasha joto! Usipouweka, udongo unaganda, unavimba na kuinua msingi wa jengo.

Jua tunalimudu kwa kuta nene zilizojazwa povu la kuzuia joto. Kinachotutoa jasho ni unyevu. Mlango ukifunguka, hewa ya pwani inaingia na maji yake, maji yanagandia kwenye koili, yale mabomba ya kupozea hewa, na feni zinakosa njia ya kusukuma hewa. Itabidi usimamishe mtambo uyeyushe barafu ile, na ukisimamisha, mtambo mwingine lazima uwepo wa kushika nafasi. Hewa ya Dar na Mombasa ni nzito kwa unyevu mwaka mzima. Anayekupa makadirio ya gharama bila kukuuliza habari ya unyevu na milango, mshukuru kwa muda wake, umuage.

Kosa la kukosa mtambo wa akiba niliwahi kuliona likitokea. Mahali nilipofanya kazi tuliomba kwa miezi mitano tununuliwe kompresa ya akiba, ile pampu inayoshindilia gesi ya kupozea. Jibu likawa lile lile, subirini bajeti. Siku ya pili ya Idi, foleni imefika hadi kwenye ngazi za umeme, kompresa moja ikafa. Ukumbi ukaanza kupanda joto, theluji ya chini ikawa rojorojo, na kufikia alasiri tulifunga. Fedha zilizorudishwa kwa wateja siku ile zingelipia sehemu kubwa ya kompresa. Mimi nililala chini ya mtambo siku mbili. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu mafundi tulijua, tulisema, na tuliandika.

Bili ya umeme nayo haijui kama wameingia watu kumi au elfu moja. Wageni huongeza joto kidogo kwa miili na pumzi zao, lakini mzigo mkubwa ni jengo lenyewe, usiku na mchana, sikukuu na siku ya kazi. Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu asinihesabie foleni ya Idi na Krismasi. Anihesabie Jumanne saa nne asubuhi, watoto wako shule, mwaka wa tatu tangu kufunguliwa.

Aliniuliza, "Mjomba, mbona basi Dubai inaendelea miaka yote hii?"

Turudi kwenye kile kioo. Ski Dubai ni ya kampuni ya Majid Al Futtaim, na jengo la maduka ni la kampuni hiyo hiyo. Walipoipeleka theluji Misri mwaka 2017, wakafungua Ski Egypt, ya kwanza ya aina yake Afrika, waliiweka ndani ya Mall of Egypt, jengo lao pia. Snow Oman vilevile. Theluji inawaita watu kama ngoma ya harusi, na wakifika, wenye maduka wanalipa kodi, migahawa inajaa, hata asiyekata tiketi anaacha fedha mahali fulani ndani ya jengo. Juu ya hayo, jiji la Dubai linapokea watalii wapya kila siku, kwa hiyo "mara ya kwanza" haiishi. Na bado hawakubweteka: mwaka 2012 waliwaleta Ski Dubai pengwini, wale ndege wa nchi za baridi, watu wakapata sababu mpya ya kurudi. Wenzake mpwa wangu wana kiwanja tu. Theluji yao ingepaswa kujilisha yenyewe kwa tiketi, na huo ni mzigo ambao hata wakubwa hawajitwishi.

Ipo njia nyingine ya ukumbi wa theluji kuishi. Uholanzi ni nchi tambarare kama sinia, lakini pale Landgraaf kuna SnowWorld tangu 2001, na inafanya kazi. Waholanzi wengi sana husafiri kwenda Alps, milima ya theluji ya Ulaya, kila majira ya baridi. Ukumbi wa nyumbani ni mahali pa kujifunza na kupasha misuli kabla ya safari, kumpeleka mtoto kwa mwalimu kila Jumamosi, kufanya mashindano. Huyo ndiye mteja wa Jumanne. Analipia mafunzo, anakodi vifaa, kisha anarudi juma lijalo kwa sababu hajamaliza kujifunza. China nako, kabla na baada ya Olimpiki ya Beijing ya 2022, watu wengi wameingia kwenye michezo ya theluji, ndiyo sababu unasikia kumbi kubwa kama ile ya Shanghai iliyofunguliwa 2024. Mtu asikuoneshe picha za Shanghai akazifanya hesabu ya Dar.

Ila hata penye wachezaji, mambo huharibika. Hadithi ya Funabashi, karibu na Tokyo, huwa naisimulia kwa kila mwenye ndoto hii. Mwaka 1993 walifungua ukumbi ulioitwa SSAWS, mteremko wa mita 490, wakati huo hakuna mkubwa kuliko huo duniani. Wajapani walikuwa wakiupenda mchezo wa skii kupita kiasi. Lakini mradi ulipangwa wakati uchumi umenawiri, ukafunguliwa neema ikiwa imeshapita. Mwaka 2002 ukafungwa, kisha ukabomolewa. Tangu 2006 pale lipo duka la IKEA. Ghala likikosa mpangaji unaligeuza karakana au ukumbi wa harusi. Jengo la mshazari lenye ukubwa ule utalifanyia nini? Hilo nililirudia mara mbili kwenye simu, maana nilimsikia amenyamaza.

New Jersey, Marekani, kuna funzo la muda. Jengo la maduka ambalo leo linaitwa American Dream lilianza kujengwa 2004, na wateleza wa kwanza waliingia ukumbi wake wa theluji Desemba 2019. Ukaja ugonjwa wa korona, na Septemba 2021 moto ukaufunga ukumbi ule hadi mwaka uliofuata. Mkopo haungoji lolote kati ya hayo.

Na kwetu? Wachezaji wetu wa skii tunawataja kwa majina. Philip Boit wa Kenya alishindana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari kumkumbatia. Hadi leo naipenda habari hiyo. Lakini Boit mazoezi alikwenda kuyafanyia Finland, na Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya mwaka 2018, alikulia Austria. Mteja wa kudumu wa skii Afrika Mashariki bado hajazaliwa kwa idadi ya kulisha mlima.

Mfano wetu wa karibu ni Nairobi, kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa, kilichoanza 2005. Ni kidogo, kiko tambarare, kimo ndani ya biashara nyingine inayokibeba. Na wapo vijana walioufanya mchezo kuwa wao, timu ya hoki ya barafuni ya Ice Lions, wakirudi kufanya mazoezi wiki baada ya wiki. Ningekuwa na fedha za kupeleka mahali, ningekwenda kwanza kuketi pale siku nzima na daftari.

Basi nilimshauri mpwa wangu waache mlima. Watafute mwenye jengo la maduka ambaye tayari ana watu, wamwombe ukumbi wa ghorofa ya chini, mita za mraba mia tano au pungufu. Theluji ya kuchezea, vilima vya kuteleza kwa matairi, tiketi ya saa moja moja. Makoti na mabuti wayakodishe wenyewe, chai ya tangawizi na maandazi ya moto viwe mlangoni pa kutokea. Milango miwili miwili yenye chumba katikati, ili ule wa nje ukifunguka wa ndani uwe umefungwa. Kompresa ya akiba siku ya kwanza, hili sina mjadala nalo. Jenereta itakayobeba angalau feni, taa na milango. Umeme ukikatika, kuta nzuri zitaishikilia theluji kwa saa kadhaa, ila wageni lazima watolewe kwa utulivu.

Kwa wewe usiye na mpango wa kujenga, unayekwenda tu kutembea Dubai, Cairo au Muscat: nenda asubuhi ya siku ya kazi. Chukua soksi ndefu za sufu, za pamba zikilowa zinakuganda mguuni. Glavu na kofia beba zako, huenda zisiwemo kwenye bei ya tiketi. Mwenye pumu abebe dawa yake ndani ya koti. Na kama unataka kuteleza kweli, lipia somo la saa moja kwanza. Nimewabeba watu wawili waliopanda juu kabisa kwa sababu rafiki zao walikuwa wakipiga video.

Juma lililopita mpwa wangu aliketi kwenye uwanja mmoja wa michezo ya watoto pale mjini, kama nilivyomwomba. Jumamosi aliwahesabu watoto 140. Jumanne, tangu kufunguliwa hadi saa kumi jioni, waliingia 9. Alinitumia namba hizo bila maneno mengine. Nimemwomba arudi Jumanne mbili zaidi, na safari hii aulize na bili ya umeme ya mwezi.