Gemu hadi saa 8 usiku, alfajiri niko kwenye usukani

SUALI: Asalaam alaykum dokta. Mie nna miaka 34, naendesha gari ya abiria Wete–Chake. Nkishaswali Isha nkala nashika simu nacheza gemu ya mpira na wenzangu kwa intaneti, nasema mechi mbili tu, nkija kushtuka saa 8 usiku, na hata nkizima usingizi hauji, mechi bado naiona kichwani. Saa 11 alfajiri nishaamka. Mke wangu anasema ni mwanga wa simu, nimeupunguza lakini wapi. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Mkeo hajakosea, mwanga wa kioo usiku unachelewesha melatonini, ile homoni inayouambia mwili usiku umeingia, ila kwako hilo dogo. Kubwa ni masaa. Saa 8 mpaka 11 ni masaa 3, tena hapo hujatoa ule muda wa kujigeuzageuza, na mtu mzima anahitaji si chini ya 7. Hata ukicheza kizani vipi, hayo yaliyopotea hayarudi.

Na mechi ya kushindana inapandisha damu, moyo unaenda mbio, sasa ukifungwa dakika za mwisho unataka kulipa, ukishinda unataka nyengine, kwa hivo usiyaachie matokeo yakuamulie saa ya kulala. Hesabu kurudi nyuma: unaamka saa 11, basi saa 4 uwe umeshalala, gemu mwisho saa 3. Wenzio waambie mapema waanze saa 2, na simu ilale ukumbini, alamu utaisikia huko huko na itakubidi uinuke kuizima. Kahawa ya barazani jioni nayo iache (hujaitaja lakini nawajua madereva), masaa 5 baadae karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Wiki chache zikipita huwezi kuacha na kazi na nyumba vinaharibika, nenda hospitali bila ya kuona haya, Shirika la Afya Duniani tangu 2019 limeiweka hali hiyo kwenye orodha ya maradhi.

Linalonitia khofu khasa ni hilo gari. Kope zikiwa nzito, au hukumbuki kituo ulichokipita sasa hivi, kufungua dirisha na kuongeza redio hakusaidii kitu, weka pembeni ulale dakika 20, abiria wakinung'unika wacha wanung'unike. Na kesho kama umelala masaa 3 hayo hayo, tafadhali mpe mwenzio usukani.