Kiumbe Aliyeachwa Usiku wa Kwanza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni mwandishi gani wa kale wa hadithi za kutisha ambaye hofu yake bado inatushika leo. Mimi namtaja Mary Shelley, Mwingereza aliyeandika Frankenstein. Nimekuwa mkunga kwa miaka 26, na kila nikikirudia kitabu hicho naona mwandishi wake alikijua chumba cha kujifungulia kuliko alivyoijua maabara.

Msiba wake ulianza siku aliyozaliwa. Agosti 30, 1797, jijini London, mama yake, Mary Wollstonecraft, yule aliyeandika kitabu cha kutetea haki za wanawake mwaka 1792, alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma likagoma. Akaitwa daktari, akaingiza mkono, akalitoa vipande vipande. Wakunga wenzangu mnaosoma hapa mmeshajua kilichofuata: homa, kutetemeka, na Septemba 10 mama akafariki. Kinachoniuma ni kwamba mwaka 1795 daktari mmoja wa Aberdeen, Alexander Gordon, alikuwa ameshachapisha kitabu akionyesha kuwa homa ya uzazi hubebwa na waganga na wakunga wenyewe, kutoka kwa mzazi mmoja hadi mwingine. Aliambulia kuchukiwa. Ilibidi daktari Semmelweis aje kulilia unawaji wa mikono kule Vienna mwaka 1847, naye akapuuzwa.

Yatima yule akapewa jina la mama yake. Baba yake, mwanafalsafa William Godwin, alikuwa akimpeleka kaburini katika uwanja wa kanisa la St Pancras, na husimuliwa kwamba herufi zake za kwanza alizisoma kwenye jiwe la kaburi lile.

Alipokuwa na miaka 16 alitoroka na mshairi Percy Shelley, mume wa mtu. Februari 1815 akajifungua mtoto wa kike, njiti, aliyewahi kwa karibu miezi miwili. Mtoto hakumaliza wiki mbili, wala hakuwahi kupewa jina. Siku chache baadaye Mary aliandika ndoto katika shajara yake: kwamba mtoto wake amerudi kuwa hai, kwamba alikuwa amepatwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akaishi. Kisha anaamka, mtoto hayupo.

Nimeusoma mstari huo mara nyingi na bado unanikaba koo. Njiti huuawa na baridi. Ndiyo maana siku hizi tunamfunga kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, usiku na mchana. Yule binti wa miaka 17 hakufundishwa na mtu, lakini usingizini mikono yake ilijua la kufanya.

Habari za kiangazi cha 1816 karibu na Geneva zimesimuliwa sana, nami sitazirefusha. Mlima Tambora wa kule Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia, hali ya hewa ikaharibika, mvua ikawafungia ndani Mary, Percy na wenzao, na mshairi Byron akawaambia kila mmoja atunge hadithi ya mizuka. Wanaume walizungumzia siri ya uhai, na umeme unaoweza kutikisa misuli ya maiti. Mary alikuwa akisikiliza. Alikuwa na miaka 18 na mtoto mwingine mchanga, William. Kitabu kilitoka Januari 1, 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi, na wengi wakadhani ni cha Percy.

Sasa tuusome usiku ule Victor anapompa kiumbe wake uhai. (Frankenstein ni jina la huyo Victor, mwanafunzi aliyemuumba. Aliyeumbwa hana jina mpaka kitabu kinakwisha. Kwetu Pwani siku ya saba ikipita mtoto hajapewa jina, majirani huuliza kulikoni.) Kiumbe anafumbua jicho. Victor anakimbilia chumbani, anajitupa kitandani. Anaposhtuka, kiumbe amefunua pazia la kitanda na anamtazama. Kinywa kinafunguka, kinatoa sauti zisizo maneno. Mashavu yanakunjamana kwa tabasamu. Mkono mmoja ameunyoosha. Weka kando urefu wake wa futi 8, na unayemwona hapo ni mtoto mchanga. Victor anashuka ngazi mbio.

Kiumbe anaingia msituni peke yake. Baridi na maumivu yanamwandama kila upande, anakaa chini, analia. Kisha anakuta moto ulioachwa na ombaomba, na anafurahia joto lake. Hapo ndipo ile ndoto ya 1815 inaporudi, moto uleule, safari hii bila mikono ya kumsugua.

Wengi husema kitabu kinatuonya tusiingilie kazi ya Muumba. Sikubaliani nao. Kosa ninaloliona mimi ni zile ngazi alizozishuka Victor mbio. Kiumbe mwenyewe anamwambia Victor kwamba alikuwa mwema, dhiki ndiyo iliyomgeuza kuwa shetani, na hakuna ukurasa unaomwonyesha kuwa anadanganya. Anajifunza kusema kwa kuwachungulia watu maskini kupitia ufa wa ukuta, anamsoma mshairi Milton, anajitetea kama wakili. Filamu ya mwaka 1931, ambamo Boris Karloff alimwigiza kiumbe huyo, ilimnyang'anya ulimi ikamwachia miguno, na mwandishi naye ikamtaja kama Bibi Percy B. Shelley. Tangu hapo dunia inalijua zimwi lenye kichwa cha mraba, na kila mashine inayomgeukia fundi wake hupachikwa jina la Frankenstein. Aliyekuwa akililia kushikwa mkono amesahauliwa, na hilo linanisikitisha kweli.

Misiba haikumwacha Mary. Binti yake Clara alifariki Venice mwaka 1818, William akafariki Roma mwaka 1819, akiwa na miaka 3. Juni 1822 mimba ilitoka, damu ikawa haikatiki, na Percy akamkalisha kwenye barafu hadi damu ikakata. Baridi aliyoiogopa ndiyo iliyomwokoa. Wiki tatu baadaye Percy akafa maji katika bahari ya Italia. Mtoto mmoja tu, Percy Florence, ndiye aliyekua.

Mwaka 1831 alitoa toleo jipya la kitabu, safari hii na utangulizi wake mwenyewe. Humo anakiita uzao wake wa kutisha, na anakiombea kiende kikastawi. Angeweza kukiita kazi, au hadithi. Alichagua uzao.

Alifariki London, Februari 1, 1851, akiwa na miaka 53. Mwaka mmoja baadaye mwanawe Percy Florence na mkewe walilifungua sanduku lake la kuandikia. Walikuta mabaki ya moyo wa Percy yamefungwa kwa hariri ndani ya ukurasa wa shairi, na jambo hilo ndilo waandishi hulikimbilia. Pamoja nayo zilikuwemo nywele za watoto wake waliokufa.