Mtoto anaharisha na kutapika: si meno, mama

Pole sana, mama. Umeuliza kama binti yako wa miezi 9 anaharisha na kutapika kwa sababu ya meno, na kama umwachishe kunyonya. Usimwachishe! Meno hayaleti kuharisha hivyo. Umri huu ndio wa virusi vya rota, vinavyoharisha na kutapisha watoto, hasa miezi 6 mpaka miaka 2: mtoto anatambaa, kila anachookota anatia mdomoni. Na huku kwetu Goma, choo kimoja familia nne, maji ya ziwa kwenye bidoni (madumu) zilizopita mikono mingi. Anayenyweshwa kwa chupa, au aliyekosa chanjo ya rota, yuko hatarini zaidi.

Antibiotiki haziui virusi, usipoteze pesa. Kinachoua watoto ni kuishiwa maji mwilini. Changanya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, maji yawe yamechemka yakapoa. Mpe kijiko kidogo kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Mimi na mtoto wangu wa pili tulikesha hivyo, kikombe cha plastiki mkononi mpaka jogoo akawika. Ongeza zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14.

Mfinye ngozi ya tumbo taratibu uiachie. Ikirudi polepole, au macho yamezama, hakojoi, analegea, kinyesi kina damu, ama ni kama maji ya mchele, mbebe mpaka kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku. Kipindupindu tunakijua hapa.