Fremu ya Kiitalia ya Zamani: Soma Chuma Kabla ya Kusoma Stika

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Hamburg alinitumia picha za fremu nyekundu ya baiskeli ya mashindano ya Colnago, akiuliza kama alipe euro 900 anazotakiwa. Muuzaji amemhakikishia kwamba fremu hiyo ni ya mwaka 1958, kwa kuwa chini yake, mahali ekseli ya pedeli inapopita, imegongwa namba 58. Jibu langu lilikuwa fupi. Kwenye bomba la kichwa, lile fupi la mbele, pana stika ya ree ya pau ya karata, na Ernesto Colnago, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alianza kuitumia alama hiyo baada ya Michele Dancelli kushinda mbio za Milano–Sanremo mwaka 1970. Isitoshe, waya wa breki unaingia ndani ya bomba la juu na kutokea upande wa pili, na vishikio vya chupa vimewekewa matundu ya skrubu kwenye bomba la chini na la siti pia. Hiyo ni fremu ya miaka ya 1980. Namba 58 ni kimo cha fremu kwa sentimita, ambacho mafundi wengi wa Italia walikigonga hapo au kwenye kiungo cha siti ili kazi za wateja zisichanganyike karakanani.

Sikusema kwamba fremu ni mbaya. Umri ni swali moja na ubora ni lingine, na wauzaji huishi kwa kuyachanganya. Tangu mwaka 1997, pale Gaiole in Chianti ilipoanzishwa L'Eroica, safari ya kupita barabara za changarawe kwa baiskeli za mashindano za zamani, kila mwenye chuma chenye kutu stooni anaamini kwamba ana mali.

Mimi naishi Bergamo na kazi yangu ni kukereza vyuma, kwa hiyo kipimo cha milimita hakinitoki mfukoni. Nalitaja hili kwa sababu miaka ya mwanzo niliingia katika duka moja la baiskeli za zamani, nikamwomba mwenye duka aniruhusu kuchomoa nguzo ya siti ili niisome kipenyo chake. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akaniambia kwamba baiskeli zile si za kushikwashikwa na kwamba za bei yangu ziko soko la Jumapili. Nimesamehe, lakini sijasahau, na sioni haja ya kujifanya nimesahau.

Basi soko la Jumapili nilikwenda, na ndilo lililonipa fremu ninayojivunia mwaka huu. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito, ya aina ya kupaka mageti, bila stika wala jina, na muuzaji aliitundika pamoja na baiskeli za watoto. Jambo la kwanza lililonivuta ni ncha za viungo, yaani zile soketi za chuma ambamo mabomba huchomekwa kabla ya kuchomelewa kwa shaba. Ncha zake zilikuwa zimepigwa tupa mpaka zikawa nyembamba na kulala juu ya bomba, hata ukipitisha ukucha hausikii ngazi ya ghafla. Hakuna anayefanya kazi hiyo kwenye fremu ya bei rahisi, kwa kuwa inakula saa nyingi na mnunuzi wa kawaida haioni.

Nikapapasa makucha ya nyuma yanayoshika ekseli ya gurudumu. Kwenye fremu duni hukatwa kutoka bati bapa. Haya yalikuwa ya chuma kilichofuliwa, marefu, na chini ya rangi herufi za Campagnolo, watengenezaji wa Kiitalia wa vipuri vya baiskeli, zilisikika kwa kidole. Nguzo ya siti ilitoka bila ugomvi, nayo ilikuwa ya milimita 27.2. Kipimo hicho ndicho cha mabomba ya aina ya SL ya Columbus, kampuni ya Kiitalia ya mabomba ya fremu, ambayo unene wake ni milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati; aina ya SP, iliyo nene zaidi, huchukua 27.0. Ukikuta 26 na kitu, jua ukuta wa bomba ni mnene na fremu ni ya daraja la chini, hata kama stika inaimba nyimbo gani. Nyumbani nilipoufungua uma unaoshika gurudumu la mbele na kumulika ndani ya shina lake, yaani bomba linaloingia kwenye bomba la kichwa, niliziona upande wa chini mbavu nyembamba zinazojizungusha kama mifuo ya mtutu wa bunduki, ambazo Columbus waliziweka ili kuliimarisha shina pale linapobeba mzigo mkubwa. Kuanzia hapo sikuhitaji stika.

Umri wake niliupata kwa vitu vidogo vilivyochomelewa na vile visivyochomelewa. Nafasi kati ya makucha ya nyuma ni milimita 120, ya gurudumu lenye gia tano. Gia sita na saba zilitaka 126, na nane zilipokuja ikawa 130. Nyaya za gia zinapita juu ya boksi la pedeli, pale ekseli ya pedeli inapopita, si chini yake kama ilivyokuwa desturi katika miaka ya 1980. Bomba la juu halina kishikizo chochote, kwa maana waya wa breki ulifungwa kwa klipu, na matundu ya chupa yapo kwenye bomba la chini pekee. Ushahidi wote unaelekea nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Angalia kwamba nasema ushahidi wote: nafasi ya nyuma peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo waliopanua 120 kuwa 126 kwa nguvu za mikono, na vishikizo huongezwa na mafundi wa baadaye.

Ndugu zangu mnaonunua kwa kutazama picha za simu, mnajitafutia balaa. Ombeni picha ya boksi la pedeli kwa chini na kwa ndani. La Kiitalia lina upana wa milimita 70 na uzi wa skrubu wa kulia pande zote mbili; la Kiingereza ni 68, ingawa fremu kadhaa za Italia zilizouzwa nje zilikatwa uzi wa Kiingereza. Kwa ndani mtaona kama mabomba yamekatwa kwa mviringo na kukutana vizuri au yamezibwa kwa madonge ya shaba, na kwenye Columbus SLX ya miaka ya 1980 mtaona mbavu zinazotokeza kwenye ncha za mabomba. Muuzaji akikataa kupiga picha hiyo, mwacheni na mali yake.

Kisha pitisheni kidole chini ya bomba la chini, karibu na bomba la kichwa. Fremu iliyogonga kitu kwa mbele huacha hapo mkunjo mdogo ambao rangi mpya huuficha machoni lakini hauufichi kwenye kidole. Fungeni uzi kutoka kucha moja la nyuma, uzunguke bomba la kichwa, urudi kucha la pili, halafu pimeni umbali wake hadi bomba la siti kwa kila upande; tofauti ya milimita tatu au nne ni fremu iliyopinda. Nguzo ya siti ya alumini iliyogandia ndani ya chuma ni hasara inayoweza kuzidi bei ya fremu yenyewe.

Sasa napata ujumbe wa kutaka niibandike fremu yangu nyeusi stika za jina kubwa, ambazo hupatikana kwa euro chache, ili iuzwe mara tatu ya nilivyoinunua. Aliyetoa ofa ya juu zaidi nilimweleza kwamba nitamuuzia kwa sharti moja, kwamba kwenye hati ya mauzo tutaandika fundi hajulikani, naye hajajibu.