Maswali ya Wasomaji: Hodi katika Nyumba ya Mmarekani

Mwanangu anasoma katika chuo kikuu huko Minnesota, na sasa ametimiza miezi minane. Anasema majirani humpungia mkono na kumwuliza hali kila asubuhi, lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia "karibu ndani". Juzi mmoja alimwuliza hali, na kabla hajajibu akawa ameshapita. Je, wanamchukia kwa rangi yake, au ndivyo walivyo?
— *Mama wa mwanafunzi*

Mama, nianze na hiyo salamu. Mmarekani anapouliza hali njiani hasubiri habari, kama vile nasi tusemavyo "sijambo" hata homa ikiwa imetushika. Tofauti ni kwamba salamu yetu hufungua mazungumzo, kwa kuwa baada ya "sijambo" huja habari za nyumbani, za watoto na za kazi, ilhali salamu yao ya njiani huanza na kuisha palepale. Aliyepita kabla ya kujibiwa hakukusudia kumdharau mwanao.

Suala la mlango ni zito zaidi. Katika jamii kubwa ya Wamarekani, kumtembelea mtu bila taarifa huonekana kama kumwingilia, hata mgeni akiwa rafiki. Wageni huitwa kwa miadi, na mara nyingi huelezwa saa ya kufika, na pengine hata saa ya kuondoka. Mtu akisema "tuonane siku moja" bila kutaja siku, hiyo ni heshima ya kuagana, si ahadi, na wageni wengi huumia kwa kuisubiri siku isiyopangwa.

Namna miji yao ilivyojengwa nayo imechangia. Sheria ya mwaka 1944 iliwarahisishia askari waliotoka vitani kupata mikopo ya nyumba, na ile ya mwaka 1956 ikaanzisha mtandao wa barabara kuu za nchi nzima. Familia nyingi zikahamia vitongoji vya nje ya miji, ambako mara nyingi kanuni za matumizi ya ardhi huruhusu nyumba za familia mojamoja tu, bila duka wala mkahawa kati yao. Mtu hutoka nyumbani akiwa tayari ndani ya gari lake, na hurudi vivyo hivyo. Baraza la kukaa jioni na kuona nani anapita halipo, na ukimya ambao mwanao anausikia umejengwa kwa saruji na lami.

Lakini usidhani kwamba watu hao hawana ujamaa. Wanao, ila wameuweka mahali pengine, yaani katika vyama, makanisa, misikiti, kamati za wazazi wa shule, timu za michezo na maghala ya kugawa chakula kwa wahitaji. Wazimamoto walio wengi nchini humo ni raia wanaojitolea, ambao kengele ikilia huacha shughuli zao na kwenda kuuzima moto wa mtu wasiyemjua. Huko ndiko hodi hubishwa. Mwambie mwanao achague jambo moja analolipenda, ajiandikishe, na ahudhurie kila wiki bila kukosa, maana urafiki wa Wamarekani huota pale watu wanapofanya kazi pamoja. Tena asisubiri kualikwa. Awe yeye wa kwanza kualika, ataje siku na saa, na ataona jinsi wanavyofika wakiwa wamebeba chakula.

Kuhusu rangi, sitakuficha. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1865, lakini sheria za kuwatenga watu weusi ziliendelea katika majimbo ya kusini hadi miaka ya 1960. Kaskazini nako hakukuwa salama: Levittown ya New York, kitongoji mashuhuri kilichoanza kujengwa mwaka 1947, kilikuwa na mikataba iliyowakataza weusi kuishi humo. Sheria ya mwaka 1968 ilikataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba, lakini athari za ubaguzi huo bado zinaonekana katika mipaka ya mitaa na katika mali ambazo familia zimerithishana au zimenyimwa kurithishana. Kwa hiyo ubaguzi upo. Kipimo ninachompa mwanao ni hiki: ukimya unaomhusu kila mtu mtaani ni desturi, ila ukimwangukia yeye peke yake una jina jingine. Akiambiwa kwamba chumba kimeshachukuliwa, kisha mwenzake wa rangi nyingine akaonyeshwa chumba hichohicho, hilo ni kosa kisheria. Aandike tarehe na maneno aliyoambiwa, na apeleke malalamiko katika wizara ya serikali kuu inayoshughulikia makazi.

Shikamoo. Nimepata nafasi ya kazi huko na mshahara, ukiutazama kwa dola, ni mzuri. Lakini walionitangulia kila siku wanalalamikia madeni. Pesa zinakwenda wapi?
— *Kijana wa safari*

Marahaba, mwanangu. Kwanza zoea kwamba bei iliyoandikwa dukani kwa kawaida si utakayolipa, kwa sababu kodi ya mauzo huongezwa unapofika kwa mtunza fedha. Majimbo machache, kama Oregon, hayatozi kodi hiyo. Mkahawani nako huongezwa bakshishi ya asilimia 15 hadi 20, na nakusihi usiione kama hiari. Sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi imfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Baadhi ya majimbo, California likiwamo, yamekataa utaratibu huo, lakini katika mengi ya yaliyobaki mteja ndiye anayelipa sehemu kubwa ya mshahara wa aliyemhudumia.

Jambo la pili litakushangaza: asiyewahi kukopa haaminiki. Kila mtu hupewa alama, kwa kawaida kati ya 300 na 850, kulingana na anavyolipa madeni yake, na alama hizo hutazamwa na benki, na mara nyingi na mwenye nyumba pia. Mgeni hana alama yoyote. Ziko kadi ambazo mteja huweka amana yake benki kwanza, kisha hukopeshwa kiasi kinacholingana na amana hiyo. Anza na moja, itumie kwa mambo madogo, na lipa deni lote kila mwezi. Wanaolipa kiwango cha chini tu ndio hao unaowasikia wakilalamika.

Kubwa kuliko yote ni matibabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilizuia mishahara kupanda, waajiri wakavutia wafanyakazi kwa kuwapa bima ya afya, na tangu hapo bima ya Wamarekani wengi imefungamana na kazi. Aliyepoteza kazi anaweza kupoteza na daktari wake. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi na bado naliona kuwa ndilo ukatili mkubwa katika nchi yenye utajiri kama ule. Kabla ya kutia sahihi mkataba, uliza bima inaanza siku gani, na uliza pia ni kiasi gani utatoa mfukoni kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa, kwani kiasi hicho chaweza kuwa maelfu ya dola. Ukipata dharura usiogope kwenda hospitali: sheria ya mwaka 1986 inazilazimu karibu hospitali zote zenye idara ya dharura kukupima na kukutuliza hata kama huna fedha. Hati ya malipo itakuja baadaye. Ikija, usiilipe kabla ya kuomba mchanganuo wa kila huduma, na uulize kama hospitali ina mpango wa kuwasaidia wasiojiweza, kwa kuwa zile zisizoendeshwa kwa faida zinatakiwa kuwa nao.

Je, sheria za Marekani ni zilezile nchi nzima?
— *Msomaji*

Hapana. Majimbo ni 50, na kila moja lina katiba, bunge na mahakama zake, chini ya Katiba ya nchi iliyoandikwa mwaka 1787. Michigan lilifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji mwaka 1846, na Texas linaitekeleza hadi leo. Leseni za udereva, uuguzi na uanasheria hutolewa na majimbo, hivyo anayehama ndani ya nchi huuliza upya.

Nimesikia kwamba Wamarekani huwatupa wazazi wao katika nyumba za wazee. Ni kweli?
— *Mzee msomaji*

Shikamoo mzee wangu. Habari hiyo imetiwa chumvi. Wazee walio wengi huishi katika nyumba zao wenyewe, na ni sehemu ndogo tu walio katika nyumba za kutunzia wazee. Sheria ya mwaka 1935 iliwapa pensheni, na ya mwaka 1965 ikawapa bima ya afya kuanzia umri wa miaka 65, hivyo wengi hawamtegemei mtoto kwa chakula wala dawa, na huona fahari kutomlemea. Mzee anayekataa kuhamia kwa bintiye mara nyingi ndiye aliyefunga mlango.

Hata hivyo, anapodhoofika, anayemwogesha na kumpeleka kwa daktari kwa kawaida ni mtu wa familia asiyelipwa chochote, na mara nyingi ni huyo binti. Sheria ya mwaka 1993 inampa likizo ya wiki 12 kwa mwaka ili amuuguze mzazi, ikiwa mwajiri wake ana wafanyakazi 50 au zaidi, lakini haimlazimu mwajiri kumlipa hata senti. Wengi hurudi kazini kabla wiki hizo hazijaisha, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji.